Inchi Kumi na Nne za Ukurasa wa Mbele

Mtanda, Lindi. Jumatatu, 8 Machi 1999

Daktari amenibonyeza mguu leo, na shimo la kidole chake likabaki palepale kama limepigwa kwenye unga uliokandwa. Moyo umechoka kusukuma, amesema. Nikamwuliza kama nitaiona Krismasi. Alimtazama kwanza binti yangu Lusia, ndipo akanijibu, "Mwalimu, tuvuke masika haya kwanza." Nimefundisha miaka thelathini na moja. Namjua mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea.

Nimemtuma Lusia aninunulie daftari. Nitaandika masika haya, siku kwa siku, kadiri mkono utakavyokubali. Nina kosa moja la kusahihisha, na nililifanya kwa kalamu.

Jumanne, 9 Machi

Mvua. Hakuna basi kutoka Dar, kwa hiyo hakuna gazeti.

Jumatano, 10 Machi

Leo pumzi ipo. Niseme yote kabla haijaondoka.

Mwaka 1994 nilikuwa mwandishi wa gazeti la Mkondo katika mkoa huu. Nilikuwa nimestaafu ualimu, magazeti ya watu binafsi yameruhusiwa, na kila gazeti lilitaka mtu mikoani. Tulilipwa kwa inchi. Habari ikitoka unaikata kwa mkasi, unaipima, unaandika urefu wake pembeni na kuirudisha ofisini. Mimi nilipimia rula yangu ya darasani, ya mbao, iliyolika kona moja.

Machi ya mwaka ule watoto watatu wa nyumba moja hapa Mtanda walianza kutapika na kulegea baada ya chakula cha mchana. Wawili walipona. Mdogo wao, Benadetha, mwenye miaka sita, alifariki. Mama yao ni Debora, mtoto wa marehemu dada yangu. Nilifika kwake kabla ya mtu yeyote wa hospitali. Walikuwa wamekula ugali wa unga uliochanganywa: makopa ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe, na nusu kilo ya sembe kutoka duka la Abbas.

Mtu yeyote wa huku angeuliza swali moja: makopa yamekaa juani siku ngapi? Muhogo wetu mchungu usipoanikwa ukakauka kabisa unaua, na jambo hilo tunalijua tangu tunanyonya. Nilikuwa nimeyaona makopa ya Debora juu ya bati siku ya Jumanne, bado yana maji. Jumatano ilinyesha kutwa. Alhamisi walikula. Sikuuliza. Nilijiambia kwamba kuuliza ni kumtangaza mpwa wangu, mbele ya mwili wa mtoto wake, kwamba nyumba yake ilikuwa na njaa na akashindwa kungoja jua. Nimejiambia hivyo miaka mitano. Ukweli ni kwamba makopa hayaendi ukurasa wa mbele.

Stoo ya Abbas ilikuwa na salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Ilikuwa upande wake, na sembe upande wake. Niliivuta mifuko kwa mikono yangu ikakaa pamoja, nikapiga picha. Gazeti likaandika kwa herufi nene: UNGA WA KIFO LINDI. Chini yake jina langu, na maneno yangu, "uchunguzi umebaini." Hapakuwa na uchunguzi.

Nakala chache zilifika kwa basi. Kama ilivyo kawaida, mtu mmoja alipanda juu ya benchi la stendi akawasomea wengine kwa sauti. Kabla ya adhuhuri duka la Abbas lilikuwa linapigwa mawe. Hilo nalo nililiandika: "Wananchi wenye hasira." Inchi sita.

Kesho yake Abbas alitoa jiko nje, akaliweka mlangoni. Akafungua gunia lilelile. Mkewe, Parin, akasonga ugali, wakakaa chini wote wawili wakala mbele ya watu mpaka sufuria ikabaki na ukoko. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, daftari mkononi. Sikuandika hata neno moja.

Baada ya wiki tatu Edwin, mganga wa hospitali aliyewatibu wale watoto, aliniletea barua ya maabara. Sembe safi. Salfa hakuna. Sumu ilitoka kwenye muhogo. Barua hiyo iko katika sanduku langu la bati, chini ya vyeti vya ubatizo.

Abbas alifunga duka mwaka uleule. Alifariki 1996. Bi Parin bado anaishi nyuma ya milango ile, anashona nguo. Mtaani nyumba yake wanaiita Kwa Salfa.

Nimechoka.

Jumamosi, 13 Machi

Padri amekuja kuniungamisha. Alisikiliza yote, akaniondolea dhambi, akaanza kukunja stola yake ya shingoni. Kisha akasita. "Mungu amesikia, Mwalimu," akasema. "Lakini Bi Parin hajasikia. Wala wale walionunua gazeti."

Jumatatu, 15 Machi

Waandishi wenyewe wameunda baraza la maadili huko Dar. Aliyechafuliwa na gazeti analalamika pale bila wakili. Baraza hilo halina askari wala jela. Silaha yake ni aibu tu, na gazeti likikosa aibu ndiyo basi.

Nimeandika barua kurasa nne. Nimeomba jambo moja: Mkondo likanushe habari ile ukurasa uleule wa mbele, kwa urefu uleule. Niliitoa cutting ya zamani, kile kipande nilichokikata gazetini, nikaipima tena. Inchi kumi na nne.

Lusia aliisoma kabla ya kuipeleka posta kwenye faksi. Alirudi mlangoni mara mbili.

"Baba, sasa unamshitaki nani? Mbona kila mahali ni wewe?"

"Nalishitaki gazeti. Mimi ni kielelezo namba moja."

"Na watu wakijua?"

"Ndiyo maana unaipeleka."

Akafunga kitenge, akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Akikasirika husahau mwavuli.

Jumatano, 17 Machi

Mvua. Miguu kama magogo.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua.

Jumatatu, 22 Machi

Nilimtuma Lusia kwa Bi Parin na nakala ya barua yangu na nakala ya barua ya maabara. Nilitaka azione kabla ya mtu yeyote mwingine. Nilitegemea matusi, na kusema kweli niliyatamani.

Lusia anasema Bi Parin aliisoma ya maabara ameisimamisha mkononi kama picha, kisha akaiweka juu ya cherehani. Akauliza, "Hii barua ina tarehe ya Aprili tisini na nne?" Lusia akasema ndiyo. "Mume wangu alikuwa hai Aprili tisini na nne." Akaendelea kushona. Lusia alipoaga, akaambiwa, "Mwambie baba yako asife kwanza. Nina kazi naye."

Alhamisi, 25 Machi

Baraza limejibu. Ameandika mwanamke anayeitwa Natalia, ofisa wa malalamiko, kwa mwandiko wa mtu asiyependa kupoteza karatasi. Anasema lalamiko limechelewa mno kwa kanuni zao, lakini wanaweza kuziita pande zote kwenye usuluhishi iwapo gazeti litakubali. Ana swali moja: "Je, mhariri wa wakati ule aliijua barua ya maabara?"

Katika barua yangu nilikuwa nimeliruka jina la mhariri huyo. Sasa linanitazama.

Ijumaa, 26 Machi

Benjamini nilimfundisha darasa la tano hadi la saba. Alikuwa hana viatu na alikuwa na akili kuliko mimi. Ni mimi niliyemwandikia barua ya kwanza ya kuomba kazi gazetini. Mwaka 1994 alikuwa mhariri wa habari wa Mkondo. Leo ndiye mhariri mkuu.

Nilimpigia simu kutoka posta siku ileile niliyopata barua ya Edwin. Nilimsomea yote. Akasema, "Mwalimu, habari ile imekwisha. Tusijitukane wenyewe." Nikasema, "Sawa." Neno moja tu, na nililisema kwa wepesi. Nilifurahi kuwa kuna mtu mwingine wa kuamua.

Nikimficha sasa, nitakuwa nimeandika tena habari nusu. Saa nne asubuhi nimeandika kwa Natalia: "Alijua. Nilimwambia kwa simu. Tulikubaliana kunyamaza." Lusia amepeleka.

Benjamini nilimfundisha kusema kweli kwa fimbo. Sasa namfundisha mara ya pili, na fimbo imegeukia kwangu.

Jumapili, 28 Machi. Matawi

Debora amekuja kutoka kanisani na tawi lake la mnazi. Nilikuwa nimemwogopa kuliko Benjamini, kuliko kifo. Ukweli ukitoka gazetini, utapita juu yake.

Nilianza kuzungukazunguka. Nikasema juu ya masika, juu ya njaa ya mwaka ule. Akaniachia nizunguke mpaka pumzi ikakata.

"Mjomba," akasema, "unataka kuniambia kwamba ni makopa?"

Nilivuta shuka juu ya miguu.

"Unadhani mimi sijui? Mimi ndiye niliyeyatwanga. Yalikuwa yananata kinuni. Nikayakaanga juu ya moto yakauke, nikachanganya na sembe ili watoto wasisikie uchungu." Alikuwa analikunja lile tawi, analikunjua. "Siku ile gazeti liliposema ni unga wa dukani, nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru. Kisha wakapiga mawe. Tangu hapo nikienda sokoni napita njia ya nyuma, nisikutane na yule mama."

"Nilinyamaza kwa ajili yako, Debora."

"Hapana, mjomba. Usinitie humo." Hakupandisha sauti. "Ulinyamaza kwa ajili yako. Na mimi kwa ajili yangu. Kila mtu abebe wake."

Nikamwambia naweza kuiondoa barua, bado kuna wakati. Akacheka kidogo, kicheko cha marehemu dada yangu.

"Uiondoe ili nipite njia ya nyuma mpaka nife kama wewe? Andika. Ila jina la mtoto wangu lisipigwe chapa tena. Lilitosha mara ile."

Nimeliandika sharti hilo kwa Natalia: mama na mtoto wasitajwe. Mwaka 1994 nilikuwa nimetaja hata shule aliyotakiwa kuanza.

Lile tawi ameliacha juu ya dirisha langu.

Jumapili, 4 Aprili. Pasaka

Nimekula yai zima. Lusia amefurahi kana kwamba nimefaulu mtihani.

Ijumaa, 9 Aprili

Benjamini amekubali kuja. Natalia anasema aliandika mstari mmoja tu: "Nitamfuata Mwalimu aliko." Sijui kama ni heshima au vitisho.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua. Barabara imekatika kusini ya Rufiji. Watakuja kwa ndege.

Alhamisi, 15 Aprili

Ndege ndogo ilitua uwanjani Kikwetu asubuhi katikati ya mawingu mawili. Usuluhishi ulifanyika dukani kwa Bi Parin. Ndivyo alivyotaka. "Mimi sina ofisi nyingine," alisema.

Walinibeba kwenye kiti, mimi na rula yangu. Bi Parin alikuwa amefungua ubao mmoja tu wa mlango. Ndani mashelfu yote yako wazi, yamefutwa vumbi. Mizani ipo juu ya kaunta, imefunikwa kitambaa. Kwenye fremu ya mlango bado kuna alama za mawe.

Benjamini amenenepa. Alipiga goti kidogo kama zamani. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Ndege imetutikisa."

"Vizuri," akasema Bi Parin, na kumpa kigoda.

Natalia ni mwembamba, ana faili na miwani inayoteleza puani. Alieleza kwamba hakuna hakimu hapa, na kwamba wakishindwa kuelewana yeye atarudi na faili lake na kila mtu atabaki na alichonacho. Kisha akamwuliza Benjamini gazeti linatoa nini.

Benjamini alikuwa amekuja na karatasi iliyopigwa chapa. Ukurasa wa saba, ndani ya sanduku, mistari tisa: gazeti linasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza.

Niliipima. Inchi mbili, na hapo nimehesabu na mstari wa sanduku.

"Mwanangu," akasema Bi Parin, kwa upole kabisa, "ulipokuja kunitukana ulisimama sokoni. Sasa unataka kuniomba radhi chooni?"

Natalia akasukuma miwani juu kwa haraka, akainamia faili.

"Mama, ukurasa wa mbele ndio unaouza gazeti," akasema Benjamini.

"Hata mimi niliuzia mlangoni. Uani sikuwahi kupata mteja."

"Mama, nisikilize, siyo kwamba sikubali kosa..."

"Usumbufu wowote uliojitokeza," Bi Parin akasoma ile karatasi, ameisogeza mbali na macho. "Nani aliyesumbuka hapa? Hamna jina. Mwaka ule mlilijua jina langu mpaka la babu."

Benjamini akanigeukia mimi. Alisema kwa sauti ya chini, kama tuko peke yetu. "Mwalimu, wewe unaijua kazi hii. Tukifungua mlango huu, kesho kila mtu nchini atakuja na rula."

"Waje," nikasema.

"Gazeti litabaki na nafasi ya habari?"

"Litabaki, tukijifunza kuuliza kabla ya kuandika. Mimi swali langu lilikuwa moja tu, Benjamini. Siku ngapi juani. Lingenichukua pumzi moja."

Ndipo Bi Parin akaanza kusimulia habari ya ugali. Hakuisimulia kwa hasira. Alionyesha kwa kidole jiko lilipokaa, na Abbas alipokaa. Alisema Abbas hakuwa mtu wa ugali, alipenda chapati. Siku ile alikula matonge kumi na tatu, na yeye alikuwa anayahesabu akiogopa atapaliwa. Alisema watu walitazama, na hakuna aliyecheka, na kwa dakika chache walidhani wameshinda. "Maana palikuwa na mwandishi," akasema. "Pale, ng'ambo, na daftari. Abbas akaniambia, kula, mama, Mwalimu anatuona. Mwalimu ataandika."

Hapo sikuwa na mahali pa kuweka macho.

Benjamini alikuwa ameacha kushika kalamu. "Mwalimu, hilo hukunitumia."

"Sikukutumia."

"Hata kwa simu hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Ningelichapa." Alilirudia, taratibu, kama anajichunguza. "Ile barua nilikosa. Niliogopa, na nilikosa, na sina la kujitetea. Lakini mtu na mkewe wanakula unga wao mlangoni? Hilo, wallahi, ningelichapa ukurasa wa mbele."

Nilikuja pale nikimwona mtu aliyenenepa kwa uongo wangu. Nikamwona tena yule mtoto asiye na viatu, anayeona jibu kabla ya darasa zima. Mimi ndiye niliyempokonya habari bora kuliko zote zilizowahi kutokea Lindi.

"Basi lichape sasa," akasema Bi Parin.

Benjamini aliichukua ile karatasi ya mistari tisa, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akaniomba rula. Akaipima cutting ya zamani yeye mwenyewe, juu ya kaunta, kidole kwa kidole.

"Kumi na nne," akasema.

"Kumi na nne," nikasema.

"Na picha," akasema Bi Parin. "Mifuko mliipiga. Sasa mnipige mimi, na mizani yangu. Na likija lisomwe pale pale stendi, kwa sauti. Lile sikulisoma, nililisikia."

Natalia aliandika yote, tukatia sahihi. Bi Parin akaondoa kitambaa kwenye mizani, akakaa nyuma yake, na Benjamini akampiga picha. Hakutabasamu. Alikaa kama mtu anayesubiri zamu yake ambayo anajua itafika.

Tulipewa chai ya maziwa na iliki. Yangu ilikuwa na chumvi badala ya sukari. Nilimtazama Bi Parin. Alikuwa anazungumza na Natalia kuhusu vitambaa. Niliinywa yote.

Ijumaa, 16 Aprili

Homa. Sikuinuka.

Jumanne, 20 Aprili

Homa imeshuka. Lusia anasema niliita majina ya wanafunzi siku tatu. Bi Parin yuko katika maombolezo ya Muharamu, amevaa nyeusi, lakini ametuma ujumbe: mwanawe Kumail ameshapakia sembe melini kutoka Dar, na atafungua duka siku ya kulisoma gazeti stendi, kumi ile ya Muharamu ikishapita. "Mwambie asinifie kabla ya hapo. Nitamdai."

Ijumaa, 23 Aprili

Leo Mkondo limetoka Dar. Huku hakuna anayejua kilichomo. Benjamini amepiga simu posta, akaacha neno: "Limo."

Mvua kutwa.

Jumamosi, 24 Aprili

Basi halijafika.

Jumapili, 25 Aprili

Basi limezama kwenye matope Somanga, na magazeti humo ndani. Daktari amenisikiliza kifua akatazama ukutani.

Jumatatu, 26 Aprili

Bado Somanga. Nimemwambia Lusia nitakwenda kulisukuma mwenyewe. Amecheka, kisha akatoka nje akalia. Nyumba ni ndogo, nasikia.

Jumanne, 27 Aprili

Asubuhi jua lilitoka.

Jioni walifika abiria wa kwanza waliopanda lori. Mmoja, muuza samaki wa Somanga, Mwahija, alipita mlangoni kumwuliza Lusia: "Ndiye baba yako huyu aliyeandika kwamba alidanganya?" Anasema abiria walikaa siku tatu bila la kufanya, wakafungua mafurushi ya magazeti. Somanga nzima imesoma. Wanawake wa kando ya barabara wameshika upande wa Bi Parin kama ndugu yao. "Tumelisoma mpaka limechanika," alisema. "Yule mzee alivyokula matonge kumi na tatu! Tulilia, tukacheka."

Jumatano, 28 Aprili

Basi liliingia saa nne asubuhi, lina matope mpaka kwenye vioo. Nakala zilizobaki ni mbili. Kondakta alikuwa amezikalia makusudi.

Nitaandika polepole, siku hii siitaki ipungue.

Nilipelekwa stendi kwa mkokoteni, juu ya godoro, na Lusia pembeni na mwavuli bila mvua. Vijana wa stendi walipiga kelele, "Mpisheni Mwalimu, mzigo dhaifu huo!" Habari ilikuwa imetutangulia kwa abiria, watu walijaa mpaka kwenye vibanda. Bi Parin alikuwa amesimama mbele, na nguo zake nyeusi.

Kabla ya kusoma, nilitoa rula. Watu wakanyosha shingo wasijue nafanya nini. Nikapima. Ukurasa wa mbele, juu, safu tatu, na Bi Parin na mizani yake. Kichwa cha habari: UNGA ULIKUWA SAFI. Niliipima mara mbili kwa sababu ya macho. Inchi kumi na nne na nusu.

Ile nusu ilikuwa mistari ya mwisho, Benjamini ameiongeza mwenyewe: "Mhariri wa gazeti hili alijua ukweli huu tangu Aprili 1994 na hakuuchapa. Mhariri huyo ni mimi." Na jina lake.

Nilianza kusoma. Jina la Abbas nililisema kwa nguvu, na la Bi Parin, na langu. Nilisema nilivyoivuta mifuko. Mtu akapiga ukunga. Nilisoma habari ya ugali, na aya ile ilipokwisha sikuwa na sauti tena. Ilibaki aya ya muhogo. Midomo ilikwenda, hewa haikuja.

Mkono ukalichukua gazeti kutoka kwangu. Debora.

Alisimama juu ya lile benchi. Alisoma vizuri, nilimfundisha mwenyewe: mvua ya mwaka ule, makopa yasiyokauka, barua ya maabara. Akafika penye maneno "mama wa watoto hao, ambaye gazeti halitamtaja." Akatua. Akalishusha gazeti.

"Mama huyo ni mimi," akasema. "Dukani nilinunua unga mzuri. Kosa lilikuwa kinuni kwangu, na njaa."

Mwanamke mmoja mzee, simjui, akasema, "Endelea, mwanangu." Na Debora akaendelea, mpaka jina la Benjamini.

Makofi sikuyasikia vizuri. Niliyaona. Nilikuwa namtazama Bi Parin. Hakupiga makofi, hakulia. Alifungua mkoba akatoa funguo.

Tulimfuata wote, mkokoteni na umati. Aliondoa mbao za mlango moja baada ya nyingine, sita, na hakutaka kusaidiwa. Ndani mashelfu yamejaa. Akaenda nyuma ya kaunta, akapuliza mizani, akatutazama.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Watu walewale, au watoto wao, waliotupa mawe.

Debora akapita katikati. Akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Miaka mitano walikuwa hawajatazamana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bi Parin alimwangalia muda mrefu. "Pole kwa mtoto, mwanangu. Sikuwahi kupata nafasi ya kukupa pole."

Debora akafungua pindo la kitenge alimofunga pesa. Bi Parin akachukua kijiko cha bati, akakichovya gunini.

"Nusu kilo?" akauliza. "Au leo nikupimie kilo nzima?"

Alhamisi, 29 Aprili

Jua. Mtaa mzima umeanika.

Kondakta wa basi linalorudi Dar amebeba rula yangu, imefungwa kwenye nakala ya pili ya gazeti. Ni ya Benjamini. Nimemwandikia aitundike pale wanapokaa waandishi wake, waione kabla hawajaondoka kwenda kuuliza watu.

Mchana Debora na Lusia wamepika ugali wa sembe ya Bi Parin, na mwenyewe amekuja na mchuzi wa samaki, akauweka mbele yangu bila salamu.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Mimi nakuona."

Nimekula matonge manne. Amehesabu.